Onja Weye Kwanza

Mpwa wangu ana utumbo mfupi. Siku hizi nasema hivyo tu, mtu akiniuliza kwa nini mtoto wa miaka mitatu na nusu ana mikono myembamba namna ile, na kovu linaloshuka kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Zamani nilikuwa naeleza kila kitu. Nilianza na wiki ile utumbo wake ulipojisokota akiwa na miezi minane, nikapitia upasuaji wa Bukavu, nikamalizia na daktari aliyechukua mrija wa serumu, ule wa dripu, akaunyoosha kati ya mikono yake na kutuambia kwamba mtoto wa umri ule angekuwa na utumbo wa urefu huo na zaidi. Kisha akaukunja mpaka kikabaki kipande cha kutoka vidole hadi kiwiko. "Yeye amebaki na hiki," alisema. Watu walinisikiliza mpaka mwisho, wakatikisa kichwa, halafu wakauliza ni nani aliyemlisha sumu. Ndiyo maana nimefupisha.

Ni binti wa dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya. Yaya anafanya biashara ya kuvuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira. Anatoka nyumbani alfajiri ili aiwahi foleni, na anarudi jua likiingia nyuma ya milima. Mume wake anaendesha lori la mizigo upande wa Fizi, na tunamwona pale barabara inapomruhusu. Mimi nilikuwa nimemaliza lisansi yangu, digrii ya mazingira, nimepeleka dosie ya kuomba kazi kwenye kila ofisi yenye mlango, na nilikuwa nasubiri simu. Tukakubaliana kwamba nitamwangalia mtoto kwa muda tu. Huu ni mwaka wa pili wa huo muda tu.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mikono. Ni ngumu kwa kichwa, hasa kichwa kama changu. Anakula mara saba kwa siku, kidogo kidogo: wali, ndizi ya kuchemsha iliyopondwa, nyama nyeupe ya samaki aina ya kuhe niliyoitoa miiba mwenyewe huku nikiishika kwenye mwanga. Hapewi soda wala muwa wala maji ya matunda, kwa sababu sukari nyingi inamkimbiza kwenye poti. Na hapewi maji matupu ovyo. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna jirani aliyewahi kuniamini. Utumbo ule mfupi ukipokea maji matupu, unayatoa yakiwa yamebeba chumvi ya mwili, na mtoto anakauka wakati anakunywa. Kwa hiyo anakunywa maji yenye chumvi na sukari, kwa kipimo nilichoandikiwa na daktari, kwa kikombe, taratibu, kutwa nzima.

Daktari alituambia kwamba utumbo unajifunza. Kipande kilichobaki kinapanuka, kinaanza kufanya kazi ya kile kilichokatwa, ila kinachukua miaka, na kazi yetu ni kumfikisha mtoto huko akiwa hai na akiwa na uzito. Nilikishika kitenzi hicho, kujifunza, kwa sababu ni kitu ninachokielewa. Baada ya kila mlo tunalala kwenye mkeka, ninaweka sikio juu ya tumbo lake, na ndani kunasikika ngurumo ndogo na vilio vya maji. Yeye anasema ni panya. "Panya wanafanya nini?" namuuliza. "Wanabeba," anajibu. Sijui wanabeba nini, lakini jibu hilo limewahi kunituliza kuliko makala yote niliyosoma kwenye simu.

Ninaandika kila kitu kwenye daftari. Saa aliyokula, vijiko vingapi, saa aliyokwenda poti, rangi, wingi. Vijana wa pikipiki wanaokaa kwenye kona yetu waliligundua hilo, na kila nikipita na mtoto mgongoni mmoja wao anapaza sauti: "Ee lisansie! Leo poti imekupa pointi ngapi?"

Siku moja nilimjibu, "Sita juu ya kumi. Jana ilikuwa nne." Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki. Sikuwaambia kwamba jibu hilo nilikuwa nimelifikiria tangu juzi yake.

Mwezi huo ambao nataka kuusimulia, daftari lilianza kuonyesha mambo mabaya. Ilikuwa msimu wa kipindupindu katika mtaa wetu. Kila mwaka ugonjwa huo unatutembelea, na kila mwaka tunaambiwa tuchemshe maji. Mimi nilichemsha. Nilichemsha vikombe, vijiko, kisosi cha kufunikia kikombe. Mtoto, kwa upande wake, aliacha kunywa. Nilimpa kikombe, akakitazama, akakirudisha kwangu kwa mikono yote miwili.

"Onja weye kwanza, mujomba."

"Minye sionji. Hii ni yako."

"Onja."

"Mudomo wangu uko na vijidudu. Kunywa, mama, kunywa kidogo."

Hakunywa. Nilijua alikotoa maneno hayo. Wakati wa mavuno alikaa wiki tatu Bwegera kwa nyanya yake, mama wa baba yake, ambaye analima mpunga kule bondeni. Kwake, kinywaji hakipewi mtu hivi hivi. Anayekitoa anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, kisha ndipo anakabidhi. Ni adabu, na pia ni njia ya kusema: ndani humu hakuna kitu. Mtoto alikaa mapajani pa nyanya yake akaona jambo hilo likifanyika mara nyingi, akarudi nalo mjini kama watoto wengine wanavyorudi na wimbo. Niliona linapendeza. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mtoto wa namna yake vijidudu vinamwingia upesi. Wala sikuwa nimesahau Bukavu, ule mrija waliompitisha shingoni ili alishwe kwa mshipa, na homa iliyoingia kwa njia ya mrija huo ikamlaza siku kumi na mbili bila kufungua macho vizuri. Kwa hiyo sikuonja. Nilijiona mwangalifu.

Alhamisi nilimpeleka kwenye kituo cha afya kupimwa. Muuguzi anayetupokea pale ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, ambaye kila mwezi anampigia simu daktari wa Bukavu na kumsomea uzito. Alimtundika mpwa wangu kwenye mizani, akangoja mshale utulie. Kilo tisa na gramu mia nane. Mwezi uliopita alikuwa na kumi na nusu. Alifinya ngozi ya tumbo lake, akatazama jinsi ilivyorudi polepole.

"Anakunywa ile maji ya chumvi?"

"Anakataa."

"Umupatie na kijiko, kila dakika tano. Usichoke." Akampigia daktari, akaongea naye mgongo akiwa ametugeuzia, kisha akakata simu. "Anasema Jumatatu umurudishe. Akianza kulegea mbele ya Jumatatu, mukuje siku ileile, hata usiku. Na Jumatatu akiwa chini ya kilo kumi, minye ninaandika karatasi, anapanda Bukavu. Wanamurudisha kwenye mrija."

Nilitoka nimembeba na sikumbuki jinsi tulivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikihesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Gramu mia mbili. Nilijiuliza kama nguo zake zilikuwa nyepesi kuliko mwezi uliopita. Nilijiuliza kama mizani ilikuwa mbovu, kisha nikajiuliza kama mizani ya mwezi uliopita ndiyo ilikuwa mbovu, maana yake hajapungua sasa, alipungua zamani. Nilikuwa bado nafikiria hayo wakati namtengenezea maji.

Ijumaa ndiyo siku ninayoionea aibu. Nilimpa kijiko kila dakika tano kama nilivyoambiwa. Alifunga midomo. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikafanya sauti ya boti. Aligeuza uso. Ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimefaulu kumnywesha vijiko vinne, na vitatu vilitoka kupitia puani. Nikamshika kidevu. Nilikishika kwa vidole viwili, nikabonyeza mashavu mpaka mdomo ukafunguka, nikamimina. Hakupiga kelele. Alinitazama tu huku maji yakimtiririka shingoni, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejaribu kuelewa. Nikamwachia. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama pale muda, na niliporudi hakuwepo.

Nilimkuta kwa jirani, amechutama kando ya bidoni, dumu la maji lililoinamishwa, ameweka kichwa chini ya mdomo wa dumu, anakunywa maji matupu kwa pupa kama mbuzi.

"Lakini mutoto iko na kiu," jirani aliniambia. "Minye ningemunyima maji? Weye una roho gani?"

Nilimnyanyua mtoto, nikambeba mgongoni. Kiu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, ila maji yale yangemkausha zaidi, na jioni hiyo poti ilinionyesha. Sikuandika kwenye daftari. Nilimwambia yaya kwamba mtoto alikataa kunywa, sikumwambia kuhusu kidevu. Yaya alimchukua mapajani, akampanguza miguu kwa kitenge chenye maji, kidole kimoja kimoja. Alikuwa ameanza kupanga kichwani mwake. Nilimwona. Nani atapanda naye Bukavu, nguo zipi, nani atamshikia nafasi yake mpakani kwa wiki ambazo hakuna anayejua idadi.

Jumamosi saa tatu asubuhi nyanya yake akaja kutoka Bwegera. Yaya alikuwa amempigia simu usiku. Alishuka kwenye taksi na kifuko cha mchele mpya, akanipa nikishike, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Na weye unapunguka pia? Tutapima nani, mutoto ao mujomba?"

"Karibu, nyanya."

"Ninakaribia. Iko wapi mwuzukuru wangu?"

Mpwa wangu alikuwa kwenye mkeka. Siku nyingine angekimbia. Alinyanyua mkono tu. Nyanya akakaa chini karibu naye, akamvuta, akamweka mapajani, akamnusa kichwani. Wakaongea kwa Kirundi maneno ambayo sikuyapata yote. Kisha akaniambia nilete kikombe.

Nilikileta kikiwa kimefunikwa kwa kisosi. Alikifunua, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikasema, "Nyanya, vijidudu," lakini alikuwa amekwisha piga funda.

Hakumeza. Alisimama, mtoto akiwa bado mkononi, akaenda mlangoni na kutema nje. Akarudi, akakaa, akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya kuniambia jambo bila kuniumiza.

"Dokta," akaniita kwa utani. "Hii unaitengenezeaka samaki?"

"Ni kipimo cha daktari. Ninapima na kijiko, ninakata juu na kisu."

"Weye uliionja?"

Nikachukua kikombe. Sijawahi kufika baharini. Sisi tumezaliwa kando ya maji matamu. Tunayachota ziwani, tunayachemsha, tunapikia, na chumvi tunainunua dukani. Lakini nadhani bahari inaonjeka vile. Ulimi ulijikunja, na baada ya kumeza koo liliendelea kuwaka. Mpwa wangu alikuwa ananitazama kwa makini sana.

"Ni mubaya," aliniambia kwa upole, kama kunifariji.

Nikakaa chini. Nilipima tena kichwani hatua kwa hatua. Lita moja ya maji yaliyochemshwa. Chumvi, sukari. Kukoroga. Halafu, tangu kipindupindu kilipoanza mtaani, hatua niliyoiongeza mimi mwenyewe, ambayo daktari hakuiandika: kwa kuwa kijiko kiligusa maji, na chumvi ilikuwa kwenye mfuko uliofunguliwa, na mikono yangu ni mikono, nilikuwa nayarudisha maji motoni. Yalichemka tena dakika ishirini. Wakati mwingine nusu saa, nikisahau. Mvuke ulipanda, maji yakapungua, chumvi ikabaki yote ndani. Mtoto wa darasa la tano anajua jambo hilo. Mimi nilifanya mtihani juu yake chuo kikuu, nikachora mchoro wenye mishale.

Nilimweleza nyanya. Nilieleza kwa maneno mengi mno, na katikati ya maelezo nikamwambia na lile la kidevu. Sikupanga kulisema. Alisikiliza, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Maji ikishachemka imechemka," akasema mwishoni. "Unaikaanga ya nini?" Kisha, akiona uso wangu: "Simama, mwanangu. Mutoto iko na kiu. Kulia ni ya kesho."

Nilitengeneza mengine. Lita moja, kipimo kilekile, bila kuyarudisha motoni. Nilimwaga chumvi mara moja, nikaanza upya. Yalipopoa nilikwenda na kikombe hadi kwenye mkeka, nikapiga magoti, nikaonja mbele yake. Yalikuwa na ladha ya machozi, si zaidi. Nikampa kwa mikono miwili.

Alikitazama kikombe. Alinitazama mdomo, kuona kama nimemeza. Nikafungua mdomo aone. Akanywa.

Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Nyanya alikuwa akimwekea mkono kwenye kikombe asifanye haraka. Kila nilipojaza upya alinirudishia, na mimi nikaonja, na yeye akanywa. Adhuhuri alikojoa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya jana yake, na nyanya akapiga makofi mawili makavu na kusema asante kwa Bikira Maria kwa sauti ya mtu anayepokea chenji.

Yaya aliporudi jioni nilimwambia yote, hata la kidevu, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilifikiri si haki kukaa. Alikuwa ananawa miguu kwenye beseni. Aliendelea kunawa kwa muda mrefu.

"Hata minye sikuonja," akasema. "Kila siku ninatoka, ninaona kikombe pale kimefunikwa vizuri, ninajisemea: huyu amesoma." Akakausha miguu. "Sasa, mudogo, kila asubuhi minye nitaonja mbele ya kutoka. Weye utaonja muchana. Na kama hii nyumba inakufa, tunakufa wote."

Nyanya alicheka kutoka ndani, na baada ya muda yaya naye akacheka kidogo, akajipangusa uso kwa ukingo wa kitenge.

Jumapili alikula milo sita kati ya saba. Nilikuwa nimekwisha elewa kwamba mtu mwenye kiu hawezi kula, jambo lingine ambalo sikuhitaji lisansi ili kulijua. Panya walibeba. Usiku nililala nikikokotoa gramu.

Jumatatu tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo. Nilikuwa nimeandaa namna ya kueleza, kwa mpangilio, lakini muuguzi aliponiuliza tu "Habari ya siku mbili tatu hizi?" nilimwaga yote bila mpangilio.

"Ulirudisha mu moto ukiisha kutia chumvi?"

"Ndiyo."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Wakati mwingine makumi tatu."

Aliweka kalamu chini. Alinitazama, si kwa hasira. "Bahati yako mutoto ana kichwa kigumu," akasema. "Angekuwa na adabu, angekunywa, na leo tungekuwa tunaongea mambo ingine." Kisha akamgeukia mpwa wangu na kumwambia, "Mama, weye uendelee kukataa kama unaona kitu ni mubaya. Umesikia?" Mpwa wangu akaitika kwamba amesikia.

Akamvua viatu na sweta, akamtundika. Karatasi ya kumpandisha Bukavu ilikuwa mezani, jina limekwisha jazwa juu, na kalamu juu yake. Mpwa wangu alishika kamba mbili za mizani, miguu ikining'inia, akaanza kujizungusha polepole. Mshale ulicheza. Kila ulipokaribia kutulia, naye alijizungusha tena.

"Tulia kidogo," nilimwambia.

"Ninatulia," akasema, huku akizunguka.

Muuguzi akamshika goti kwa kidole kimoja. Mshale ukasimama. Aliinama, akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Kumi na mia mbili," akasema.

Nilijua ni maji, si nyama. Uzito wa maji unarudi haraka na unaweza kuondoka haraka. Nilijua kwamba mwezi ujao tutarudi kwenye mizani hiyohiyo, na mwezi utakaofuata, na kwamba miaka ya kujifunza bado ni mingi. Yote hayo niliyafikiria pale pale, moja baada ya jingine, wakati muuguzi anaikunja ile karatasi mara mbili na kuitumbukiza kwenye droo.

Nje, chini ya ukingo wa bati, nilimpigia yaya. Aliitikia mara moja. Nyuma yake nilisikia kelele za Kavimvira, mtu anataja bei ya faranga za Burundi, honi, mwingine anagombana na afisa wa forodha. Nilimwambia uzito.

"Mupatie simu," akasema.

Niliweka simu kwenye sikio la mpwa wangu, naye akaishika kwa mikono yote miwili. Nilimsikia yaya, sauti yake nyembamba ikitoka pembeni mwa shavu la mtoto.

"Mama yangu, leo utalala wapi?"

"Ku nyumba," mpwa wangu akajibu, akishangaa kidogo swali lenyewe. Akafikiri. "Na weye, utalala wapi?"